Kadi yangu ya mshahara anayo mkopeshaji, mke wangu hajui

Shangazi shikamoo. Ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika sijawahi, naomba jina lisitokee maana mji wetu unaujua mwenyewe, ukikohoa Chumbageni Makorora wanakupa pole.

Nina miaka 39, nafundisha shule ya msingi hapa hapa Tanga mjini, nina mke na watoto watatu na mama yangu mzazi naishi naye tangu alipoanguka akavunjika nyonga. Tumepanga Duga. Mke wangu anauza vitumbua na bajia asubuhi, na tuna kiwanja Pongwe tulichonunua kwa mkopo wangu wa benki pamoja na hela zake za vitumbua, msingi tu ndo umesimama.

Matatizo yalianza mama alipoumia. Hela ilitakiwa siku ileile, mara nauli, mara dawa, mara kile kifaa cha kutembelea, mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa jamaa mmoja wa mikopo ya haraka kwa watumishi. Nikapewa laki tano ndani ya nusu saa. Wao wakachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri, kopi ya kitambulisho cha kazi, nikasaini na karatasi kwamba nimewauzia tivii na friji. Riba 25 kwa mwezi. Nikajua nitalipa mwezi mmoja yaishe, shangazi huu mwezi wa kumi nalipa faida tu, 125,000 kila mwezi, ile laki tano iko palepale kama nilivyoichukua.

Ninachoumia zaidi ni mwisho wa mwezi. Mshahara ukiingia napigiwa simu tukutane kwenye ATM. Kijana anakuja na fungu la kadi limefungwa raba bendi, kila kadi ina kikaratasi cha namba ya siri kimebandikwa kwa selotepu, anachambua mpaka anaiona yangu, anatoa hela yote, anakata yake halafu mimi ananihesabia inayobaki palepale nje watu wanapita. Mwezi uliopita kwenye foleni nyuma yetu alisimama mzazi wa mwanafunzi wangu, akanisalimia "mwalimu shikamoo", nikajibu marahaba huku nanyoosha mkono kupokea hela yangu mwenyewe.

Ili nifidie pengo nikakopa kwa mama mmoja Makorora laki tatu, huyo riba yake 30, nampa 90,000 kila mwezi na deni halipungui. Kwenye simu nina mikopo ya hizi programu jumla 180,000, mmoja nilichelewa siku mbili wakawatumia meseji watu waliomo kwenye simu yangu kwamba mimi ni tapeli, mwalimu mkuu naye akaipata. Dukani kwa mangi nadaiwa 95,000. Mwalimu mwenzangu laki mbili. Kijumbe cha shuleni, ule mchezo wa kuchangishana kila mwezi, nilishakula, nimebakiza miezi mitano ya elfu hamsini hamsini. Mshahara wangu mkononi, ukitoa makato ya benki na bodi ya mikopo, unabaki 520,000. Mke wangu nimemwambia benki wameongeza makato.

Sasa mbele yangu kuna njia tatu na kila moja ina mtu anayenisukuma. Afisa mikopo wa benki kasema naweza kutopu apu, yaani kuongeza mkopo juu ya ule nilionao, nipate mpaka milioni sita, nilipe miaka sita. Rafiki yangu anasema niuze kiwanja Pongwe kimyakimya, mteja yupo wa milioni mbili na nusu. Mwingine kaniingiza kwenye grupu la WhatsApp, unaweka laki tatu baada ya siku 14 unachukua laki tano, yeye kashachukua mara mbili na risiti kanionyesha. Na kuna la dini pia, naogopa riba ya benki, najua haramu ni haramu.

Usingizi sina. Darasani nawapigia watoto kelele kwa vitu vidogo, simu ikiita moyo unaruka. Harusi zimejaa, kila grupu nimo, kila grupu nimeahidi. Nifanyeje shangazi, na mke wangu nimwambie au nimalize kwanza ndo nimwambie?

Mwalimu wa Duga, Tanga

—

Marahaba mwanangu, na pole na mama.

Mimi kabla ya kuandika safu hii nilikaa kaunta ya saccos miaka mingi, kadi kwenye raba bendi si habari mpya kwangu. Nimewaona manesi, mapolisi, watu wa bandarini, na walimu ndo usiseme. Kwa hiyo kwanza toa hiyo aibu ya kudhani ni wewe peke yako, pale nje ya ATM nusu ya waliosimama na wewe mwisho wa mwezi wanamsubiri kijana mwingine mwenye raba bendi yake.

Nimechukua kalamu nikajumlisha madeni yako maana wewe umeyataja yote ila kujumlisha hukujumlisha, na hilo nimeliona kwa wengi, mtu anaogopa jumla kuliko anavyomuogopa mdai. Laki tano, laki tatu, 180,000 za simu, 95,000 za mangi, laki mbili za mwenzako, 250,000 za kijumbe. Jumla 1,525,000. Basi. Mtu anayekosa usingizi na kutaka kuuza kiwanja anadaiwa milioni moja na nusu, haifiki hata mishahara yako mitatu. Kinachokuua ni zile 215,000 unazotoa kila mwezi kwa watu wawili bila deni kupungua hata shilingi. Yule wa kadi umeshampa 1,250,000 kwa laki tano aliyokupa. Ukishatoa hizo 215,000 unabaki na 305,000, toa kodi, toa kijumbe, toa dawa za mama, we utakopaje usikope?

Kwa hiyo madeni yako ni makundi mawili. Mangi, mwenzako na kijumbe hawana riba, hao wanataka adabu tu, yaani uwafuate wewe kabla hawajakufuata, useme nalipa kidogo kidogo tarehe fulani na ulipe. Yenye moto ni laki tano, laki tatu na ya simu, jumla 980,000. Sema milioni moja. Hiyo milioni moja ndo ugonjwa wako wote, na mtu wa milioni moja anapewa milioni sita za nini?

Afisa mikopo sikulaumu wala simlaumu, yeye ana malengo yake ya mwezi. Lakini kaa nae upige hesabu. Tuseme riba ni asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye deni linalobaki. Milioni sita kwa miaka sita utakatwa kama 130,000 kila mwezi na mpaka mwisho utakuwa umerudisha milioni tisa na laki tatu na ushee. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo atamaliza shule ya msingi wewe ndo kwanza unamaliza deni la mwaka huu, na zile milioni tano za ziada nakuapia hazitaonekana zilikoenda, labda sofa. Sasa milioni moja kwa mwaka mmoja, riba ileile: makato kama elfu tisini na moja kwa mwezi, riba yote ya mwaka mzima haifiki elfu tisini. Umeiona hiyo? Elfu tisini ndo unayompa yule mama wa Makorora kwa mwezi MMOJA, na hapo wa kadi hatujamgusa.

Ukifanya hivyo mfukoni mwako, badala ya kutoka 215,000 inatoka 91,000. Unapata 124,000 kila mwezi bila kuongezwa mshahara. Hamsini kijumbe, zinazobaki mgawie mangi na mwalimu mwenzako. Miezi mitano hao watatu wameisha au wamebakiza vumbi.

Kabla hujasaini muulize benki mambo haya na akuandikie kwenye karatasi: deni la zamani limebaki kiasi gani na wakiliunganisha na jipya nitamaliza lini, ada na bima wanakata kiasi gani mwanzoni (maana unaweza kuomba milioni ukapewa 960,000, sasa ile pungufu utaitoa wapi?), na nikilipa yote kabla ya muda kuna faini au hakuna. Kama shuleni kwenu mna saccos na una akiba humo anzia huko kabla ya benki, saccos nyingi zinakopesha mara mbili au tatu ya akiba yako na riba yake nafuu. Na uangalie theluthi, mtumishi wa umma lazima theluthi moja ya mshahara ibaki baada ya makato, benki wakikuambia hutoshi kwa mwaka mmoja omba miezi 18, usikimbilie miaka sita. Ile sheria ya theluthi iliwekwa kukulinda ila inaona makato ya kwenye hati ya mshahara tu, ile raba bendi nje ya ATM haiioni, ndo maana mtu kwenye karatasi anaonekana mzima kumbe nyumbani hana hata ya unga.

Sasa sikiliza hapa kwa makini maana hapa ndo watu wanaponaswa. Mkopo ukipita hela inaingia wapi? Akaunti ya mshahara. Kadi yake iko kwa nani? Namba ya siri anayo nani? Nilikuwa na mwanachama wangu, hela ya mkopo iliingia asubuhi, mpaka anatoka kazini saa tisa imeshatolewa yote, mwenye kadi anasema nimejikatia changu na faida ya miezi ijayo. Kwa hiyo KABLA hujasaini chochote nenda tawini na kitambulisho chako, waambie kadi haipo mikononi mwako na namba ya siri anaijua mtu mwingine, wafunge ile wakupe mpya na namba mpya. Usione haya kumwambia ukweli yule dada wa kaunta, kashawasikia kumi kabla yako. Kadi ni mali ya benki na namba ya siri hata mkeo hutakiwi kumpa, hakuna benki itakayokulazimisha uirudishe kwa mkopeshaji. Fanya hivyo siku chache kabla ya mshahara, usifanye siku ya mshahara yenyewe.

Kufunga kadi si kudhulumu, usinielewe vibaya. Laki tano yake ulikula, utamlipa. Ila unaenda kwake umevaa viatu vyako mwenyewe. Muulize kwanza leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni, na hawa wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu, wanapewa na Benki Kuu, orodha yao iko kwenye tovuti ya BoT unaweza kumtafuta hata usiku huu. Na ukomo wa riba kwa hao ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki tano yako hiyo ni 17,500, yeye anakukata 125,000. Mwambie kwa upole, nimekuletea laki tano yako yote, faida nimeshakulipa zaidi ya mara mbili ya mkopo, tufunge. Akiwa hana leseni atafunga, watu wa namna hiyo hawapendi kuandikwa. Nenda na mtu mzima, mwenyekiti wa mtaa anafaa sana, alipwe mbele yake, asaini amepokea na deni limeisha, akurudishie na ile karatasi ya tivii na friji uichane mwenyewe. Ukiiacha ile karatasi umeacha mlango wazi. Akikutishia kuja kubeba vitu nyumbani nenda polisi, na malalamiko ya riba peleka BoT wana dawati la kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Wa Makorora vivyo hivyo, ingawa akina mama hao mara nyingi ukikaa nao ukumbini ukaongea vizuri wanasamehe faida ya mwezi wa mwisho, jaribu.

Za simu ni ndogo lakini zina kelele. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila kibali, angalia kama za kwako zimo. Kuwatumia ndugu zako na mwalimu mkuu meseji za matusi haikubaliki, taarifa zako binafsi zina sheria yake tangu 2022. Piga picha za skrini zote uziweke. Lipa ulichokopa, futa akaunti, halafu ndo uifute programu, na kwenye mipangilio ya simu uiondolee ruhusa ya kusoma majina. Na mwalimu mkuu mfuate wewe umueleze kwa sentensi mbili, nguvu ya hao watu ni kwamba wewe unaficha.

Kiwanja usiuze. Mtu mwenye shida akiuza ardhi bei anapanga mnunuzi, na huwezi kutoa cha milioni mbili na nusu kuziba shimo la milioni moja kisa una haraka. Halafu kile kina bajia za mwenzio ndani yake. Mwanamke aliyeamka saa kumi za usiku kuloweka kunde na mchele ili mpate kiwanja, aje asikie sokoni kwamba kimeuzwa? Hapo ndoa yenyewe itahitaji mkopo.

Grupu la siku 14 toka leo, usiage. Hela inayotoka laki tatu ikawa laki tano kwa wiki mbili inatoka kwa wanaoingia nyuma yako, rafiki yako kalipwa mara mbili ili awalete watu kama wewe, na risiti anazokuonyesha ni za kweli kabisa, ndo chambo chenyewe. Tuliokuwa watu wazima 2009 tunaikumbuka DECI, watu "walipanda mbegu" nchi nzima mpaka serikali ilipoifunga, wapo waliouza mashamba ya minazi wakapande. Upatu wa namna hiyo ni kosa la jinai, na anayewaingiza wenzie naye ana kesi.

La riba ya dini, mimi si sheikh na sitakupa fatwa. Ila mwanangu, umekaa miezi kumi kwenye riba ya 25 kwa mwezi halafu unaiogopa ya benki? Muone sheikh wako umueleze yote, na hiyo raba bendi umueleze. Zipo benki zenye dirisha la Kiislamu lakini zao nyingi wanakununulia bidhaa na kukuuzia kwa faida, hela mkononi ya kulipia deni jingine siyo kazi yake, kwa hiyo usiende ukidhani ni mkopo wa kawaida wenye kanzu. Kabla ya yote hayo jaribu ndugu. Hukuniambia kama una kaka au dada, lakini mama huyo hakukuzaa wewe peke yako nadhani. Milioni bila riba kwa kaka anayejiweza, mkiandikishana mbele ya mashahidi na tarehe za kulipa, hiyo ndo nzuri kuliko zote. Usimwombe akusaidie, mwombe akukopeshe, na makato mpelekee yeye kila mwezi kama ambavyo benki ingekukata.

Na hata wasipokuwa na milioni, dawa za mama wachangie. Usiwapigie kwa kulalamika, waambie dawa ni kiasi hiki kwa mwezi, mimi naishi naye na kumhudumia, ninyi kila mmoja elfu fulani tarehe fulani. Kingine, bima yako ya mtumishi kwa utaratibu wa NHIF niliouzoea inabeba mwenza na wategemezi wanne, na mzazi anaruhusiwa. Una watoto watatu. Nafasi ya nne yuko nani? Kama iko wazi mama aingie wiki hii hii, nenda na vyeti vya kuzaliwa, watumishi kibao wananunua dawa za wazee kwa fedha taslimu na nafasi imelala.

Harusi sasa. Haya mimi ni mwanamke wa Tanga sikatazi mtu shughuli, nitakatazaje na kabati langu lina sare za kila rangi. Lakini ahadi uliyoandika kwenye grupu ni deni, iweke kwenye hesabu na madeni mengine, mimi ningeijumlisha ungeshtuka. Toka kamati zote. Chagua kiasi kimoja cha mwezi, sema elfu kumi na tano, kikiisha kimeisha, anayefuata anasubiri mwezi ujao au unaenda kumsaidia kubeba viti. Ukitoa elfu tano taslimu siku hiyohiyo unaheshimika kuliko aliyeahidi hamsini na simu haipokei. Watasema. Tanga watasema tu, hata ukitoa laki watasema.

Mke. Umwambie kabla, na kabla maana yake kesho. Ukisubiri umalize kwanza utamuwekea kimya wakati kila mwezi anaona mfuko umepungua, na mwanamke anayehesabu unga, mafuta na mkaa kila siku na kujua kitumbua kimoja kimemgharimu shilingi ngapi, wewe unadhani hiyo hadithi ya benki kuongeza makato kaimeza? Huenda kashafikiri una nyumba ndogo. Wengi tunafikiria hivyo kwanza, deni linakuja la pili. Watoto wakilala kaa nae na karatasi, anza na namba: tunadaiwa 1,525,000, haya hapa, huyu kiasi hiki, huyu hiki. Usianze na historia, ukianza na historia utajitetea mpaka saa sita na namba hutaitaja. Atakasirika, mwache akasirike, umemdanganya. Usimjibu. Halafu mpe kalamu. Nina hakika kabisa, kwa watu niliowaona, yule mwenye genge ndo atakayekupangia hiyo ratiba vizuri kuliko mimi na benki pamoja, na kama ana kijumbe chake cha wenzie wa sokoni usikiguse hata kama atakupa.

Usingizi utaanza kurudi siku kadi mpya ikiwa mfukoni, nimeliona hilo mara nyingi, deni bado lipo lakini mtu analala. Moyo ukiendelea kuruka simu ikiita hata baada ya hapo, kapime presha, miaka 39 si mtoto.

Ule mwaka wa makato ukiisha usiseme ah nimepumua. Mwambie mwenzako mwendelee kuzikata zile 91,000 wenyewe, mziweke pasipo na ATM. Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ile taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unaanza na laki moja na kuongeza unaongeza hata elfu kumi kwa simu, kuitoa inachukua siku kadhaa na hizo siku ndo dawa yake, hela unayoitamani saa mbili usiku huipati saa mbili usiku. Ikifika mshahara mmoja mmeipata ile laki tano ya dharura ambayo ulikwenda kuitafuta kwa watu wa raba bendi.

Kuhusu kijumbe cha shuleni, malizia raundi hii mpaka mwisho maana kuna wenzio hawajala, raundi mpya wakiandika majina jina lako lisiwepo mpaka benki iishe. Na kama mshahara wenu unaingia tarehe zilezile za mwishoni, leo hii una kama wiki mbili za kwenda tawini. Nenda asubuhi kabla ya kipindi, muombe mwalimu mkuu ruhusa, ukiwa huko huko ndo umueleze na ile meseji.